Ada ya chuo binafsi cha masafa: kwa nini jumla haifanani na tangazo

Tangazo la chuo binafsi kinachofundisha kwa masafa huwa na namba moja iliyoandikwa kwa wino mzito: ada kwa mwaka. Mtu mwenye kazi na familia huichukua namba hiyo, akaizidisha mara tatu, akaona inabebeka, akajaza fomu. Miaka mitano baadaye bado analipa. Mara nyingi chuo hakikudanganya popote, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye mchanganuo wa ada, ukurasa wa pili. Ila namba ya tangazo imepigwa kwa mwanafunzi asiye na shughuli nyingine, asiyefeli somo hata moja, na anayejisajili kila muhula kabla dirisha halijafungwa. Anayechagua masafa kwa kawaida hayuko hivyo, na ndiyo sababu akachagua masafa.

Makala hii inachambua mahali pesa inapoongezekea. Taratibu tunazozitumia zaidi ni za Tanzania, na za Kenya pale zinapotofautiana.

Hesabu saa kabla ya shilingi

Kipimo cha masomo ya chuo kikuu ni krediti. Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na ndani yake mna kila kitu: kusoma moduli, kusikiliza kipindi, kuandika kazi, kujiandaa na mtihani. Mwaka kamili ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Krediti 120 ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 40 za masomo unapata saa 30 kila wiki.

Sasa chukua karani anayetoka kazini saa kumi na moja jioni. Akisoma saa mbili kila siku ya kazi na saa tano Jumamosi, ana saa 15 kwa wiki, yaani nusu ya zinazotakiwa. Kwa mwendo huo atakamilisha krediti 60 kwa mwaka, na krediti 360 zitamchukua miaka sita. Hapo ndipo swali la kwanza la ada linapozaliwa: je, chuo kinatoza kwa mwaka au kwa krediti?

Tuseme kuna vyuo viwili, tuviite A na B. Hizi ni namba za mfano tu. Chuo A kinatoza 900,000 kwa mwaka, usome masomo mengi au machache. Chuo B kinatoza 7,500 kwa kila krediti. Vyote viwili vina michango ya kila mwaka ya 150,000. Anayemaliza kwa miaka mitatu atalipa 3,150,000 popote atakapokwenda. Karani wetu wa miaka sita, akiwa chuo A, atalipa ada 5,400,000 na michango 900,000, jumla 6,300,000. Akiwa chuo B atalipa ada ileile ya 2,700,000 na michango 900,000, jumla 3,600,000. Matangazo ya vyuo hivi yanaweza kuonekana sawa kabisa, na tofauti kati yake ni 2,700,000, sawa na ada ya shahada nzima.

Kwa hiyo anayejua kwamba hatafikia saa 30 kwa wiki atafute chuo kinachotoza kwa krediti au kwa somo. Mwenye muda mwingi, au mwenye masomo ya stashahada yanayoweza kuhamishwa, anaweza kunufaika na ada ya mwaka au ya muhula. Kabla ya kuamua, omba majibu ya maandishi kwa mambo mawili. La kwanza, muda wa juu kabisa wa kukaa kwenye programu, na gharama ya kudahiliwa upya ukiupita. La pili, kama ada waliyodahiliwa nayo wanafunzi wa mwaka huu itabaki hivyo hadi wamalize, au itapanda kila mwaka pamoja na ya wapya. Kwa anayekaa miaka sita, jibu la swali la pili ni zito kuliko punguzo lolote la mwezi wa kwanza.

Michango nayo isidharauliwe. Humo mna ada ya usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, maktaba ya mtandaoni, mfumo wa kusomea, mtihani, na ada ya uhakiki ubora inayokwenda TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), ambayo kwenye michanganuo mingi imekuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Michango hufuata mwaka, haifuati krediti, kwa hiyo huzidi kukua kadiri unavyochelewa.

Krediti za nje ni kipimo kingine

Hapa wengi hukosea wanapolinganisha chuo cha nyumbani na cha ng'ambo. Marekani, shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 kwa jumla, na somo moja mara nyingi ni krediti 3. Uingereza ni krediti 360, kila moja saa 10, kama Tanzania. Nchi nyingi za Ulaya hutumia mfumo wa ECTS, ambao krediti moja ni saa 25 hadi 30, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 180. Kwa hiyo "dola 100 kwa krediti" katika chuo cha Marekani ni dola 12,000 kwa shahada nzima, na maneno hayohayo katika chuo kinachofuata mfumo wa Uingereza ni dola 36,000. Usilinganishe bei ya krediti na krediti. Linganisha shahada na shahada.

Mfano unaoulizwa sana ni University of the People, chuo binafsi cha Marekani kisicho cha faida kilichoanzishwa mwaka 2009, kinachofundisha mtandaoni pekee na kujitangaza kuwa hakitozi ada ya masomo. Maneno hayo ni ya kweli, lakini mwanafunzi hulipa ada ya maombi, halafu hulipa ada ya tathmini kwa kila kozi anayoimaliza. Shahada ya kwanza ina kozi 40. Kila dola 10 inayoongezwa kwenye ada ya tathmini ni dola 400 zaidi kwa shahada nzima, kwa hiyo angalia kiwango cha siku unayojiunga, ukizidishe mara 40, kisha uongeze gharama ya benki ya kulipa kwa dola. Mwaka wao una vipindi vitano vya wiki tisa. Ukichukua kozi mbili kila kipindi unapata 10 kwa mwaka, na unahitimu baada ya miaka minne. Ukichukua moja moja ni miaka minane, lakini bei ya masomo inabaki ileile, kwa sababu kinacholipiwa ni kozi.

Kabla ya kulipa ada ya maombi

Uhakiki huu hauchukui hata nusu saa, na wanaouruka ndio hupoteza kila kitu. Angalia mambo manne, kila moja peke yake. Kwanza chuo: kwa vyuo vikuu Tanzania tazama orodha ya TCU, kwa vyuo vya astashahada na stashahada rejesta ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ngazi hizo), na Kenya orodha ya CUE (tume ya vyuo vikuu ya huko) kwa vyuo vikuu. Pili programu yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati ilhali programu mpya bado haijaidhinishwa. Tatu kiwango: ruhusa ya kufundisha stashahada haimaanishi ruhusa ya kufundisha shahada. Nne njia ya kufundishia. Programu iliyoidhinishwa kwa darasani haigeuki kuwa ya masafa kwa sababu tu mhadhiri ana akaunti ya mikutano ya video, na hili la nne ndilo linalosahaulika zaidi.

Kwa taaluma zenye bodi zake, uliza bodi pia. Uuguzi, ualimu, sheria na uhandisi zina sehemu ambazo haziwezi kufanyika mbele ya kompyuta. Mafunzo kwa vitendo yana gharama ambayo mara nyingi haimo kwenye mchanganuo: sare, nauli, pango mahali ulikopangiwa, na wiki kadhaa za likizo bila mshahara. Mtumishi wa umma apate kwanza ruhusa ya masomo kwa maandishi kutoka kwa mwajiri wake, maana cheti kilichosomewa bila ruhusa kinaweza kuleta mvutano pale anapoomba kubadilishiwa muundo wa utumishi.

Chuo cha nje ya nchi kina hatua ya ziada. Cheti chake kitahitaji kutambuliwa hapa, TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya. Ulizia utaratibu huo kabla ya kuanza, usingoje mpaka umeitwa kwenye usaili wa kazi.

Udahili, usajili, na usajili wa masomo

Maneno haya hutumiwa kama kitu kimoja, kumbe ni milango mitatu, na mtu anaweza kupita miwili akakwama wa tatu.

Udahili ni kukubaliwa. Kwa shahada ya kwanza Tanzania, aliyemaliza kidato cha sita kabla ya 2014 au kuanzia 2016 anahitaji prinsipo mbili (masomo mawili makuu aliyoyafaulu) zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayohitajika na programu, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Mwenye stashahada anahitaji ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne na GPA (wastani wa ufaulu) isiyopungua 3.0, pamoja na AVN, namba ya uhakiki inayotolewa na NACTVET. Kenya kiwango cha chini cha shahada ni C+ ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), na cha stashahada ni C-. Hivi ni viwango vya chini tu. Programu yenyewe inaweza kudai zaidi.

Maombi mengi hukwama kwenye jina na namba ya mtihani. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi, cha kidato cha sita Mwanaid, kitambulisho cha taifa kina jina la ukoo la mume. Kosa la herufi hutatuliwa mara nyingi kwa kiapo, lakini aliyebadili jina kabisa anahitaji hati iliyosajiliwa. Maliza hilo kabla ya kuomba, kwa sababu majina huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye namba ya mtihani ya kidato cha nne, na jina litakaloingia kwenye mfumo siku ya kwanza ndilo litakaloandikwa kwenye cheti cha mwisho. Aliyesoma sekondari nje ya Tanzania apeleke vyeti NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) vikalinganishwe, nako kuna muda na malipo yake.

Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Namba ya simu uliyojaza kwenye fomu iwe yako mwenyewe, na iwe hewani. Wapo waliopoteza nafasi kwa sababu ujumbe ulikwenda kwa mwenye duka la intaneti aliyewajazia fomu.

Usajili ni kuwa mwanafunzi wa mwaka huo: unalipa sehemu ya kwanza ya ada, unapakia vyeti, unapewa namba ya usajili. Usajili wa masomo ndio mlango wa tatu, nao hufunguliwa upya kila muhula. Unaingia kwenye mfumo, unachagua masomo, unathibitisha, unapakua fomu. Wa darasani akisahau atakumbushwa na wenzake. Wa masafa yuko peke yake na simu yake, na asipothibitisha, anaweza kusoma moduli nzima, akatuma kazi zote, na jina lake lisiwepo kwenye orodha ya mtihani.

Kinyume chake kinauma vilevile. Kwenye chuo kinachotoza kwa krediti, ukijisajili masomo sita kisha ukaona huwezi zaidi ya matatu, yaondoe yale mengine kabla dirisha la kuongeza na kuondoa masomo halijafungwa. Usipoyaondoa, ankara inabaki ya masomo sita, na matatu usiyoyafanyia mtihani yanahesabiwa kuwa umefeli, ukayalipie tena. Ukiona mambo yamekuzidi kabisa, omba kuahirisha masomo kwa fomu, upate barua ya kukubaliwa. Anayenyamaza huandikwa kuwa ametoroka masomo, na kurudi kwake ni kudahiliwa upya, kwa ada ya siku hiyo.

Pesa iliyolipwa lakini haijafika

Taasisi za umma Tanzania hupokea malipo kwa kumbukumbu namba (control number) inayotengenezwa kwa kila ankara. Vyuo binafsi vingi bado hutumia akaunti ya benki au namba ya kampuni ya mitandao ya simu, na Kenya paybill. Ugomvi mwingi unaanzia hapa. Tazama stakabadhi ya wakala: ina jina la aliyelipa, kiasi, tarehe, saa, na namba ya muamala. Kama sehemu ya kumbukumbu imeandikwa "ada" badala ya namba ya usajili, na aliyelipa ni mjomba wako mwenye jina tofauti na lako, mhasibu anaona 450,000 zimeingia kutoka kwa mtu asiye mwanafunzi. Zinawekwa kando. Wewe unaonekana unadaiwa, na wiki ya mtihani mfumo unakataa kukutolea kibali cha kuingilia chumba cha mtihani.

Kwa hiyo kila anayekulipia apewe namba ya usajili kwa maandishi, aiweke kwenye sehemu ya kumbukumbu, na akutumie picha ya stakabadhi siku hiyohiyo. Ingia kwenye akaunti yako baada ya siku mbili au tatu za kazi. Kama pesa haionekani, andikia ofisi ya uhasibu barua pepe yenye namba ya usajili, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala, pamoja na picha. Usilipe kwenye simu binafsi ya afisa wa udahili hata akiahidi kukuharakishia, na akaunti ya benki iwe kwa jina la chuo lililosajiliwa.

Malipo kwa awamu yana sharti lake pia. "Awamu nne" kwenye tangazo huweza kumaanisha asilimia 40 kabla ya usajili na zilizobaki zote kabla ya mtihani. Pata tarehe za kila awamu, uzilinganishe na tarehe ya mshahara wako. Uliza pia ukijitoa unarudishiwa kiasi gani, na siku zinahesabiwa kuanzia lini: tarehe ya kulipa, ya kusajiliwa, au ya muhula kuanza.

Mkopo usiutie kwenye hesabu mapema. Bodi ya Mikopo Tanzania inawalenga wahitaji wasio na ajira inayowapatia kipato, kwa hiyo mfanyakazi anayejiendeleza kwa masafa mara nyingi hana nafasi hapo. Kenya, HELB (bodi ya mikopo ya huko) ina mkopo maalumu kwa wenye mshahara wanaojiendeleza, ambao urejeshaji wake haungoji mpaka mtu ahitimu.

Sapu, keri na bando

Kufeli somo moja kuna bei, na haiishii kwenye ada ya sapu, yaani mtihani wa marudio. Tuseme sapu ni 30,000. Ongeza nauli na malazi ya kwenda kituo cha mtihani, maana vyuo vingi hufanyia sapu makao makuu pekee hata kama mtihani wa kawaida ulifanyika mikoani. Ukifeli tena unakeri somo, yaani unalibeba ulisome upya, na kama linafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, unalisubiri mwaka mzima. Somo hilo likiwa ndilo linalofungua mengine, kama Takwimu ya kwanza inavyotangulia ya pili, ratiba yote inasogea, na michango ya mwaka inalipwa mara moja zaidi. Kwa namba zetu za mfano za chuo B, krediti 10 zilizokeriwa ni 75,000 za kurudia somo na 150,000 za michango, kabla ya nauli. Mwenye wiki ngumu kazini heri achukue somo moja pungufu kuliko kulifeli.

Ukiumwa au ukifiwa siku za mtihani, peleka cheti cha hospitali au barua ya mtendaji mapema, ukaombe mtihani maalumu. Huo huhesabiwa kama jaribio la kwanza, tofauti na sapu, ambayo vyuo vingi huiwekea ukomo wa alama.

Bando nalo lipigiwe hesabu. Kipindi cha video cha moja kwa moja kinaweza kula kuanzia nusu gigabaiti hadi zaidi ya gigabaiti moja kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Saa nne kwa wiki, wiki 15, ni saa 60 kwa muhula, sawa na gigabaiti 30 hadi 60 na ushee. Uliza kama vipindi vinarekodiwa na vinaweza kupakuliwa kwa sauti peke yake, ambayo hula sehemu ndogo sana ya hiyo. Moduli za kuchapwa, kama zipo, zina bei yake na gharama ya kusafirisha.

Malipo ya mwisho hujitokeza baada ya matokeo: usimamizi wa tasnifu, joho, mahafali, transkripti na cheti. Kabla ya kupewa cheti unapitishwa ofisi kwa ofisi kuhakikiwa madeni, na hapo 450,000 za mwaka wa kwanza zilizowekwa kando kwa jina la mjomba huibuka. Ndiyo maana kila muhula ukiisha, pakua taarifa ya akaunti yako, iweke kwenye faili moja na stakabadhi zake, na ukiona tofauti, idai wakati mhasibu aliyeipokea bado yupo ofisini.